Uso Umekataa Kipodozi: Tafuta Chanzo Kabla Hujanunua Kingine

"Dada, hii imenikataa." Nikiwa napamba watu, maneno hayo nayasikia mara kwa mara, na anayesema mara nyingi ameshagawa kopo zima kwa mdogo wake na yuko njiani kununua jingine aliloliona kwa rafiki. Mimi huanza na maswali. Imekukataaje: inawasha, inachoma, inatoa vipele, au inakupausha? Ilianza dakika chache baada ya kupaka, au kesho yake? Iko sehemu gani ya uso? Na siku hizo ulibadilisha nini kingine, hata kama ni mafuta ya nywele au sabuni ya kufulia foronya? Majibu ya maswali haya yananisaidia kuliko kuambiwa tu kwamba ngozi ni ya mafuta au ni kavu.

Kama uso umevurugika sasa hivi, usianze kutafuta chanzo huku bado unapaka vitu saba. Viache vyote kwa wiki mbili hadi nne, ubaki na sabuni laini isiyo na manukato, losheni moja nyepesi isiyo na manukato, na losheni ya kukinga jua asubuhi. Uso ukitulia, rudisha kitu kimoja kimoja, na kila kimoja ukipe angalau wiki nzima kabla ya kuongeza kingine. Inachosha, lakini ukirudisha viwili kwa pamoja na vipele vikarudi, hutajua kipi kimevileta. Isipokuwa kama kati ya hivyo saba kuna krimu ya kung'arisha ngozi: hiyo ina sehemu yake huko chini, isome kwanza kabla hujaiacha.

Uso una majivu, shingo iko kivyake

Dukani kwenye kioo ulipendeza, ukatoka nje kwenye jua ukaonekana kama umepakwa vumbi. Chanzo cha kwanza ni kuchagua faundesheni kwa kiwango cha weusi tu. Watu watatu wanaweza kulingana kwa weusi, lakini mmoja akawa na wekundu kwa ndani, mwingine unjano wa dhahabu, na mwingine weusi unaovutia kwenye buluu. Ukimpaka mwenye unjano faundesheni yenye wekundu, au kinyume chake, rangi mbili zinagombana na matokeo yake ni kijivu. Kwa miaka mingi kampuni kubwa zilituwekea rangi mbili tatu za ngozi nyeusi mwisho wa rafu, basi. Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 kwa mkupuo, nyingine zilianza kukimbizana nayo, na leo hata chapa za bei ya chini zina chaguo ambazo zamani hazikuwepo. Kwa hiyo usikubali muuzaji akwambie "hii ndiyo nyeusi yetu, ichukue tu."

Namna ya kujaribu ni hii. Nenda dukani uso ukiwa mkavu na hujapaka kitu. Chagua rangi tatu zinazokaribiana na uchore mistari mitatu midogo kwenye taya, ianzie shavuni ishuke hadi shingoni. Usijaribie nyuma ya kiganja, maana mkono unapigwa jua tofauti na uso. Taa za tyubu za madukani, hasa yale ya ndani ndani Kariakoo, zina mwanga wa ubuluu unaodanganya, kwa hiyo toka mlangoni na kioo chako kidogo. Mstari unaopotea ndio wako. Lakini usilipe bado. Zunguka dakika ishirini, ununue vitunguu, kisha urudi ujiangalie tena, kwa sababu faundesheni nyingi hugeuka na kuwa nyeusi zaidi zikikutana na mafuta ya ngozi na hewa. Ule mstari uliopotea mwanzo unaweza kuwa sasa unaonekana wazi, na wa jirani yake ndio umepotea.

Jambo jingine watu hawalijui: uso wetu wenyewe hauna rangi moja. Paji la uso na kuzunguka mdomo mara nyingi ni kweusi kuliko mashavu. Ukilinganisha faundesheni na shavu kisha ukaipaka uso mzima, paji litapauka. Wapambaji wazuri hutumia rangi mbili, na wewe unaweza kufanya hivyo nyumbani bila kuwa fundi.

Chanzo cha pili kimo ndani ya kopo. Titani dioksidi ni poda nyeupe inayotumika kwenye faundesheni, poda na losheni za jua. Kwenye orodha ya viambato huandikwa titanium dioxide au CI 77891. Ikiwa juu kwenye orodha, ngozi nyeusi itaona weupe. Zinki oksidi hufanya vivyo hivyo. Na ile poda laini inayoitwa "isiyo na rangi" ndiyo inayowafanya maharusi watoke na weupe chini ya macho kwenye picha za usiku: kwa macho huioni, ila mwanga wa kamera unaigonga na kurudi. Kabla ya shughuli, jipige picha gizani kwa mwanga wa simu. Ukijiona mweupe, badilisha poda, usibadilishe faundesheni.

Kama kijivu kiko chini ya macho tu, ni konsila, ile krimu ya kuficha weusi. Konsila ya rangi hafifu ikipakwa moja kwa moja juu ya weusi hutoa kijivu. Tanguliza tabaka jembamba la rangi ya chungwa, au chungwa iliyokolea wekundu kwa ngozi nyeusi zaidi, kisha ndipo konsila yako.

Asubuhi imekaa, saa saba imekatika

Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa, hapa lawama huwa ni za tabaka zilizorundikana kuliko za kopo lenyewe. Losheni haijakauka, losheni ya jua imewekwa juu yake, kisha faundesheni. Subiri dakika chache kati ya kila tabaka. Ikijikunja na kutoka vipande kama vumbi la ufutio wa penseli, angalia viambato: praima, ile inayotangulia faundesheni, ikiwa na silikoni (maneno yanayoishia na -cone, kama dimethicone) haielewani vizuri na faundesheni nyepesi ya maji. Chagua zote za jamii moja. Mchana usiongeze poda juu ya jasho. Gandamiza tishu kwanza, inyonye mafuta, halafu poda kidogo kwenye pua na paji.

Vipele vidogo vidogo kwenye paji la uso

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi zaidi, kwa sababu wanatibu uso wakati tatizo liko kichwani. Angalia vipele vimejipanga wapi. Vikifuata mstari wa nywele, mahekaluni na juu ya paji, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya nywele, jeli ya kulaza vinyweleo au dawa ya nywele inayoshuka na jasho. Usiku nayo inahamia kwenye foronya, kutoka foronya inahamia mashavuni. Paka mafuta kwenye ncha na katikati ya nywele tu, funga kitambaa usiku, fua foronya kila wiki. Kwa wanaovaa hijabu au kofia siku nzima, kitambaa cha ndani kinachogusa paji kibadilishwe kila siku. Ipe hatua hii mwezi mmoja kabla ya kununua dawa yoyote.

Vikiwa vinalingana ukubwa kama vimepimwa, vinawasha, na vipo pia kifuani au mgongoni, fikiria fangasi wa vitundu vya nywele. Hawa hustawi kwenye jasho na hula mafuta, kwa hiyo mafuta ya nazi na ya zeituni yanawalisha. Dawa za chunusi haziwapati, na antibayotiki zinaweza kuwaongeza. Shampoo ya ketokonazoli, ile ya mba inayouzwa duka la dawa, ikipakwa kwenye paji na kuachwa dakika chache kabla ya kusuuza, mara nyingi huonyesha tofauti ndani ya wiki chache. Mfamasia akuelekeze.

Vikichanganyika, vingine vyeusi, vingine vyeupe, vingine vyekundu vyenye maumivu, hizo ni chunusi za kawaida. Asidi ya salisiliki ya 0.5% hadi 2% hufungua vitundu. Benzoili peroksidi huua vijidudu, na ya 2.5% inatosha, maana ya 10% huongeza ukavu na kuungua kuliko inavyoongeza nafuu. Huondoa rangi ya taulo na mashuka, kwa hiyo tumia nyeupe. Dawa ya chunusi huhitaji wiki sita hadi nane kabla ya kuihukumu. Anayebadilisha kila wiki atabaki na chunusi na ukavu juu yake.

Na hili la mafuta ya nazi niliseme wazi, ingawa tunayapenda pwani: kwenye nywele na mwili ni mazuri, kwenye uso wenye chunusi huziba. Neno "haizibi vitundu" kwenye kopo nalo halina kipimo cha kisheria, kila kampuni inajiandikia.

Inachoma, inawasha, inabanduka

Tofautisha muda. Ikichoma ndani ya dakika chache na kutulia, ngozi yako imekwaruzwa: umesugua sana, umepaka asidi nyingi, au umeoga kwa sabuni kali. Ngozi yenye afya ina uchachu wa kiasi cha pH 5, sabuni ya kipande iko kwenye 9 au 10 (namba ikipanda, uchachu unapungua). Ongeza maji ya chumvi ya kisima, ambayo sabuni haitoi povu wala haisuuziki vizuri, na utaelewa kwa nini uso unavutavuta baada ya kuoga. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa kidogo, na ubadilishe sabuni. Acha limau na dawa ya meno. Limau lina uchachu mkali mno, na ukitoka nalo juani linaweza kukuunguza na kukuachia doa jeusi la miezi.

Ikianza kuwasha siku moja au mbili baadaye, ikavimba au kutoa malengelenge madogo, huo ni mzio, na kila ukigusa kitu kile utarudi vilevile. Manukato ndiyo yanayoongoza kwa kushukiwa, yakiwemo mafuta ya asili yenye harufu. "Cha asili" hakimaanishi hakiwashi. Mara nyingine kinachokuwasha hakiko hata usoni. Kope zikiwasha na kuvimba wakati hujapaka kitu machoni, angalia kucha: rangi ya kucha na jeli huleta mzio unaojitokeza kwenye kope, kwa sababu tunajigusa macho bila kujua na ngozi ya pale ni nyembamba. Gundi ya kope bandia nayo iko kwenye orodha.

Kwa kipodozi kipya, jaribu sehemu ndogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Kwa bidhaa ya kusuuza, iache tu kwa muda ule ule utakaoiacha usoni. Ikipita salama, nenda usoni.

Umekauka na bado unang'aa

Ngozi iliyonyang'anywa maji inaweza kubanduka huku mafuta yako juu. Kwenye baridi ya Njombe, Arusha au Nairobi mwezi wa saba hili ni la kawaida. Usisugue. Paka losheni ukiwa bado na unyevunyevu baada ya kuoga, na Vaseline kidogo juu yake usiku sehemu zilizokakamaa. Vaseline haileti maji, inazuia yaliyopo yasiondoke, ndiyo maana ukiipaka kwenye ngozi kavu kabisa huoni faida.

Madoa hayatoki

Kwenye ngozi nyeusi chunusi hupita, doa linabaki. Ngozi yetu ikiumia inamwaga rangi, na rangi hiyo huchukua miezi kuondoka, mingine zaidi ya mwaka ikiwa imeshuka ndani. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu krimu ya madoa, jibu maswali haya. Chunusi mpya bado zinatoka? Bado unazikamua? Unakinga jua? Jibu la lolote likiwa baya, hakuna serumu itakayokusaidia, unafuta upande mmoja huku upande wa pili unachorwa.

Jua la kwetu ni kali mwaka mzima kwa sababu tuko karibu na ikweta. Losheni ya SPF 30 (kiwango cha kinga kilichoandikwa kwenye kopo) huzuia takriban 97% ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, lakini kama umepaka ya kutosha: mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kwa uso na shingo. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili. Na hapa kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Kwetu sisi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hukoleza madoa, na losheni ya jua isiyo na rangi haiuzuii. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, ile rangi ya kahawia kwenye losheni za jua zenye rangi na kwenye faundesheni. Tafuta iron oxides, au namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Faida ya pili ni kwamba rangi hiyo inaondoa weupe niliousema mwanzo. Ukipata losheni ya jua yenye rangi inayokaribia yako, umetatua matatizo mawili kwa kopo moja.

Losheni za jua bado ni ghali kwetu, na hilo linaniuma, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua linaleta saratani. Moshi, pale hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao, na ni kazi inayostahili kujulikana. Kwa wengine wote, kofia pana na mwavuli vinasaidia kweli pale pesa inapokuwa ndogo.

Baada ya kukinga jua ndipo uongeze dawa ya kupunguza doa: niasinamidi ya 4% au 5% kwa kuanzia, au asidi ya azelaiki ambayo hutibu chunusi na doa kwa pamoja na inafaa hata kwa wajawazito. Retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, zinafanya kazi vizuri, anza mara mbili kwa wiki usiku, ila mjamzito asiziguse. Hukumu baada ya miezi mitatu.

Doa likiwa bapa, limetanda mashavu yote mawili, paji au juu ya mdomo, na lilianza na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, hilo ni la homoni na jua. Hurudi kirahisi na joto la jiko linaweza kulikoleza. Muone daktari wa ngozi mapema.

Mwanzo ilinifaa, sasa siwezi kuiacha

Krimu iliyokung'arisha ndani ya wiki moja, ikamaliza chunusi zote, halafu ukiiacha siku mbili uso unawaka moto na kufura: hiyo karibu kila mara ina steroidi. Soma boksi. Clobetasol propionate na betamethasone ni dawa za hospitali za ugonjwa wa ngozi, hazikuwekwa duniani kwa ajili ya kung'arisha. Zikitumika muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana mashavuni, michirizi inatoka, nywele zinaota usoni, vipele vidogo vinajaa kuzunguka mdomo. Haidrokwinoni, hydroquinone kwenye lebo, ikitumika miaka inaweza kuleta weusi wa bluu-kijivu mashavuni, ambao ni mgumu mno kuutoa. Zebaki huharibu figo, huathiri mtoto tumboni, na hupita kwenye mashuka na mikono hadi kwa watu wa nyumbani wasiopaka. Itafute kwa majina ya mercury, calomel, mercurous chloride au mercuric iodide. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi zilikubaliana kukiondoa hata kiwango hicho. Bado inauzwa. Mkorogo wa kopo lisilo na lebo ndio wa kuogopwa kuliko wote, kwa kuwa hata daktari hawezi kujua ulichopaka.

Aliyetumia steroidi miezi mingi, hasa mwili mzima, asiache ghafla peke yake. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo mkononi, hata kama una aibu. Anaona wagonjwa wa namna hii kila wiki, atakupunguzia taratibu. Uso utawaka na kuvimba kwa muda, na wengi hapo hurudia krimu wakidhani ndiyo dawa. Ukijua mapema kwamba kipindi hicho kinakuja, utakivuka. Tanzania, vipodozi vinasimamiwa na shirika la viwango, TBS, tangu 2019, na Kenya kuna shirika lao la viwango, KEBS. Ukiona duka linauza hivi, waambie.

Piko imetoa malengelenge

Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia. Piko nyeusi inayokolea ndani ya nusu saa ni rangi ya nywele, yenye kemikali iandikwayo p-phenylenediamine au PPD. Ikikuunguza mara moja, mwili unaikumbuka maisha yako yote. Osha kwa maji mengi, usitumbue malengelenge, nenda hospitali yakitanda. Na kuanzia hapo, kila ukienda saluni, mwambie msusi kabla hajafungua pakiti kwamba rangi nyeusi ya nywele huwezi, kwa sababu mara ya pili inaweza kukufumba macho kwa uvimbe na kukubana pumzi.